Mchele Uliolipia Sauti

Binti wa kaka yangu alihamia kwangu Mpanda na mabegi mawili ya nguo na maboksi manne ya kompyuta. Nilimpa chumba cha uani kwa masharti mawili: asinijazie nyaya sebuleni, na asinieleze kazi yake wakati wa kula. Sharti la pili nililivunja mwenyewe kabla wiki haijaisha. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mwalimu hawezi kumwona mtu amekodolea kioo cha kompyuta macho asubuhi hadi jioni, tena akitabasamu peke yake, asimuulize kuna nini.

Akanieleza, ugali ukapoa.

"Shangazi, mtoto wa kule kwetu Mpimbwe akifika miaka minne anaongea Kipimbwe na bibi yake, Kiswahili na majirani, na matusi ya Kisukuma anayajua yote. Hajasoma hata ukurasa mmoja. Sasa hizi akili mnemba mnazozisikia redioni, hizo zimelishwa maandishi ya dunia nzima ndiyo zikajua kuongea. Kipimbwe utakipatia wapi maandishi? Hakuna. Kwa hiyo nataka nijue kama mashine inaweza kujifunza lugha kwa kusikia kidogo tu, kama mtoto."

"Utajua lini?"

"Labda miaka kumi."

"Na hiyo miaka kumi utakula nini?"

"Mchele," akasema, akavuta bakuli la mboga upande wake.

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa ameshaandika barua kwa wafadhili mpaka amechoka, na wote walimjibu kwa adabu kwamba wazo ni zuri lakini wasemaji ni wachache. Chuo alichosoma kilimsifu sana, fungu hakikuwa nalo. Basi akakaa akajiuliza watu wa kwetu wanagombania nini kila msimu, na jibu halikuhitaji utafiti: wanagombania ubora wa mchele. Mkulima wa Majimoto anaapa mchele wake ni daraja la kwanza, mnunuzi anasema umejaa chenga, punje zilizovunjika, dalali anasimama katikati akila huku na huku. Binti akatengeneza programu ya simu. Unaupiga mchele picha, simu inakuambia daraja lake papo hapo, na muuzaji na mnunuzi wanaona jibu moja. Wanunuzi wakaanza kuilipia kila mwezi, wenye mashine za kukoboa nao wakajiunga. Msimu wa kwanza haujaisha, madalali wawili wakamtukana hadharani pale stendi, nikajua kitu kimeanza kufanya kazi.

Nilichompendea zaidi ni alivyoigawa wiki yake. Jumatatu hadi Jumatano zilikuwa siku za mchele, simu zinaita, pikipiki zinaleta sampuli kwenye mifuko ya nailoni, uani kwangu panakuwa gulio. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku za sauti, yaani ile kazi yake ya Kipimbwe. Siku hizo simu ya biashara ilizimwa na kufungiwa kwenye kabati langu la vyombo, na funguo nakaa nayo mimi, kwa sababu alisema yeye mwenyewe hajiamini.

Alhamisi moja akaja mnunuzi mmoja wa Kisukuma, mtu mkubwa mwenye kofia ya pama na sauti ya kuitia ng'ombe. Nikamwambia hapokelewi mtu mpaka Jumatatu.

"Mwalimu, nyie Wapimbwe mna shida gani? Mtu kaja na pesa yake mkononi mnamwambia asubiri?"

"Kunywa chai, rudi ukachunge. Jumatatu siyo mbali."

"Kwani huko ndani anafanya nini?"

"Anaifundisha mashine Kipimbwe."

Akavua kofia. "Na Kisukuma je?"

"Nyie mko wengi, mtajifundishia wenyewe."

Alicheka mpaka chai ikamwagika, na Jumatatu alirudi. Lakini sikuficha wasiwasi wangu kwa binti. Mimi ningeshaziacha zile sauti zamani. Biashara ikishakukubali huwa inakuvuta, kila siku inataka kitu kidogo zaidi, na kazi isiyo na mteja ndiyo inayosukumwa pembeni kwanza. Yeye alilijua hilo kuliko mimi. "Shangazi, mchele ukila Alhamisi utakula na Ijumaa. Mwaka ujao nitakuwa mfanyabiashara wa mchele tu, na hao wapo wanaoijua kazi kuliko mimi." Alilisema bila kujisikia, huku anachomeka waya. Nilitoka nikaenda jikoni nimejaa fahari ya kijinga, kama vile mimi ndiye niliyemzaa.

Sauti zenyewe alizipata Majimoto, kwenye mashine ya kukoboa. Wakina mama wanafika pale na mpunga wao, wanapanga foleni, na foleni ya msimu ni ndefu. Yeye anakaa nao stoo, mbali kidogo na mngurumo, anaomba ruhusa, anawasha kinasa sauti, wao wanapiga soga kwa Kipimbwe: nani kaolewa, nani kahama, nyani wamefanya nini shambani. Kwa hiyo watu walewale walimpa vitu viwili. Mchele wao ulimpatia pesa ya kazi, na maneno yao ndiyo yalikuwa kazi.

Mwaka wa tatu ikaja habari kutoka Dar. Kampuni moja kubwa ya mchele ilitaka kuweka programu yake kwenye vituo vyao vyote vya kununulia bonde zima. Makubaliano hayo yangezilipia siku za sauti kwa miaka mitatu mfululizo, pamoja na vijana wawili wa kumsaidia. Miaka mitatu bila kuhofia mwezi ujao! Walitaka kuja kusaini Ijumaa. Aliwajibu kwamba Ijumaa ana kazi, waje Jumatano, na kampuni nzima ikasogeza safari yake. Nilikwenda kuwaambia majirani hilo, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba.

Jumatatu ya wiki hiyo, asubuhi kabla kazi haijaanza, nilikuwa uani nawamwagia kuku chenga. Programu ilikuwa kwenye simu yangu, binti aliniwekea, na huwa naichezea. Nikachota chenga kiganjani, nikapiga picha kwa utani tu. Simu ikajibu: "Daraja la kwanza. Hongera!"

Nikadhani ni macho yangu. Nikapiga tena. Hongera. Nikaenda jikoni nikatoa mchele mzuri kabisa, ule wa kupikia wageni, mrefu na mzima, nikaumwaga kwenye ungo na kuupiga picha. Daraja la tatu. Nikarudi uani. Nikainama nikachota changarawe za kwenye njia, nikazifungua kiganjani, nikapiga. Simu ikanipongeza kwa changarawe.

Nilimwita. Alikuja na kalamu mdomoni, akaangalia, akachukua simu akarudia yote matatu. Kisha akaingia chumbani akafungua picha za zamani, zile za mwanzo kabisa alizoifundishia mashine, akazipitisha moja moja. Mimi nilisimama nyuma yake, na ilipofika kama ya ishirini tukaona wote wawili kwa pamoja.

Kwetu hakuna mtu anayekuonyesha mchele mzuri kwenye ungo. Mchele unaojivunia unauchota, unaupuliza pumba, unaufungua kiganjani mbele ya mnunuzi huku unamtazama usoni. Chenga za kuku na za pombe zinabaki kwenye ungo, nani azibebe mkononi ajidhalilishe? Yeye alikusanya picha zake kwa watu wetu, na watu wetu walizipiga kwa heshima zetu. Mgeni angeliona kosa siku ya kwanza. Sisi hatukuliona, kwa sababu hata mimi na yeye tungefanya vilevile. Mashine haikujifunza mchele hata kidogo. Ilijifunza mkono.

"Lakini misimu miwili imefanya kazi," nikasema.

"Imefanya kazi kwa wanaotumia kiganja." Alikuwa anatafuta kitu kwenye orodha zake, na sauti ilikuwa imepungua. "Wale wakina mama wa wafugaji, Wasukuma waliohamia kutoka kaskazini. Wao hawana desturi hiyo, wanaleta mchele na ungo wake. Angalia, shangazi. Daraja la tatu, la tatu, la pili, la tatu. Na hawakubisha, kwa sababu simu imesema."

Sasa niseme nilichofanya, maana sipendi kujisifia mahali ambapo sistahili. Nilifunga mlango, nikamwambia anyamaze mpaka Jumatano ipite. Asaini kwanza. Kosa atalirekebisha baadaye taratibu, nani atajua? Nilimwambia kwa sauti ile ya darasani ambayo nilidhani nimeiacha shuleni.

"Shangazi, hao wanakaa foleni moja na wanaonipa sauti zao," akasema. "Wananiruhusu niwasikilize wakiongea mambo ya nyumbani kwao. Nikiwaficha wenzao kwenye mchele, huko kwenye sauti watanipa nini?"

"Sauti, sauti! Kwa ajili ya hizo sauti ndiyo nakuambia nyamaza! Hawa wakiondoka, hiyo miaka yako kumi unaipata wapi?"

Alilia. Sitasema hakulia. Kisha akaomba funguo ya kabati, nikadhani anataka kikombe, kumbe simu ya biashara ilikuwa bado humo tangu Ijumaa. Akawapigia watu wa Dar palepale mbele yangu, akawaeleza yote kwa mpangilio, hadi changarawe. Walikuwa waungwana. Walimshukuru kwa uwazi wake na wakasema safari imeahirishwa. Mpaka leo imeahirishwa.

Kesho yake tukapanda basi la Majimoto. Nilimwambia namsindikiza, lakini ukweli nilikuwa bado nimemkasirikia na nilitaka niwepo watakapomzomea, nimtetee. Kutoka Sitalike hadi Kibaoni nilimgeuzia kisogo. Tulipofika kwenye mashine ya kukoboa alimwomba mwenye mashine azime injini, na ukimya ule ukawafanya watu wote wageuke.

Aliongea kwa Kiswahili ili wote wasikie. Hakuzunguka. Akachota changarawe, akazionyesha, akapiga picha, na simu ikasema hongera kwa sauti ya juu. Watu wakaangua kicheko. Kisha kicheko kikaanza kupungua kuanzia upande walikokaa wakina mama wa wafugaji, maana wao walikuwa wameshaelewa.

Mmoja wao akasimama, mtu mzima wa rika langu, ameshika ungo.

"Kwa hiyo mchele wangu wa mwaka jana ulikuwa mzuri?"

"Ulikuwa mzuri, mama. Mashine ndiyo ilikosea. Mimi ndiye niliyekosea."

"Nilimsema mkwe wangu," yule mama akasema. "Nilimwambia hajui kupepeta. Nilimsema mwaka mzima."

Binti akapiga magoti pale kwenye pumba, akaomba radhi kama mtoto anavyomwomba mkubwa. Nilitegemea makelele. Yule mama alimwambia ainuke anachafua gauni, akaondoka na ungo wake. Hakusema amesamehe. Nilimsikia mwenzake akisema anaenda kwa mkwewe.

Sitaki kupamba. Tulipoteza wanunuzi wengi. Wa kofia ya pama alibaki, alisema mtu anayejisema mwenyewe ana nafuu kuliko mizani zote alizowahi kuziona, ila akataka programu izimwe mpaka itengenezwe. Ikazimwa. Msimu ulikuwa unakwisha, zilibaki wiki chache za kupata mchele mpya wa kupiga picha, na kwa njia ya kawaida mashine ilihitaji milima ya picha. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nimekishangaa hadi sasa. Alichukua alichokuwa anakitafuta kwenye siku za sauti, yaani namna ya kuifanya mashine ijifunze kwa mifano michache, akakihamishia kwenye mchele. Kila mchele ulipigwa mara nne: kiganjani, kwenye ungo, kwenye turubai, kwenye mdomo wa gunia. Mchele uleule, mahali tofauti, mpaka mashine ikakosa kitu cha kushika isipokuwa mchele wenyewe. Picha zilikuwa chache mno ukilinganisha na za mwanzo, na ikafaulu. Ile kazi isiyokuwa na mteja, ambayo mimi ningeitupa, ndiyo iliyookoa kazi yenye wateja.

Waliopiga picha hizo ni wakina mama wa pale. Wapimbwe walipoambiwa waweke mchele wao bora kwenye ungo waliona aibu, wengine walicheka na kugeuza uso. Wasukuma walifundishwa kupuliza pumba na kufungua kiganja, na waliwatania Wapimbwe kwamba kumbe siku zote mlikuwa mnauza mikono. Mkwe aliyesemwa mwaka mzima alikuja naye. Anapepeta vizuri kuliko mimi.

Baadhi ya wanunuzi walirudi, wengine hawakurudi. Miaka kumi sasa yeye anaiita kumi na tano, na anaisema bila kuguna. Alhamisi na Ijumaa hazijaguswa.

Alhamisi moja baada ya hayo nilimpelekea chai chumbani, na nikamuuliza jambo lililokuwa linanikera. Amewanasa sauti watu wa Majimoto, wa Usevya, hadi mzee aliyefuatwa huko Kasekese alikohamia. Kwa nini mimi, niliyezaliwa katika Kipimbwe na ninayelala chumba cha pili, hajawahi kuniomba?

Aliweka kikombe chini. "Niliogopa, shangazi. Baba aliniambia habari ya kibao."

Nikakaa kitandani kwake. Kibao kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba. Mtoto akiongea lugha ya nyumbani shuleni anavishwa shingoni, anashinda nacho mpaka atakapomkamata mwenzake anaongea. Nilipoanza kazi nilipangiwa kijijini kwetu, na nilikuwa mwalimu mkali, mwenye bidii, nikiamini nawapeleka watoto mbele. Nilikivisha watoto nisioweza kuwahesabu. Mmoja wao ni kaka yangu, mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa darasa la pili, na ndiye baba wa binti huyu.

"Washa," nikamwambia.

Akawasha. Nikaongea kwa Kipimbwe, kwa tabu mwanzoni, maana mdomo ulikuwa unatafuta njia. Nilisimulia siku ile: joto, darasa lenye madawati machache, mdogo wangu amekaa chini mbele kabisa, na alichoniambia kilichonifanya nikitungue kibao kwenye msumari nimvishe. Nilisimulia yote. Nilipomaliza binti aligeuza kioo upande wangu: mashine ilikuwa ikiandika nilivyosema.

Nimefundisha watoto kusoma na kuandika kwa miaka zaidi ya thelathini, na nilikuwa sijawahi kuiona lugha ya mama yangu imeandikwa. Ilikuwa pale, mstari kwa mstari, maneno yangu mwenyewe. Mengi yalikuwa yamekosewa. Nilianza kuyasahihisha kwa kidole, ndiyo tabia yangu, hili siyo, hili siyo, hapa imeunganisha maneno mawili. Kisha nikafika kwenye alichokisema mdogo wangu, na kidole kikasimama.

"Dada, nina kiu, naomba maji." Hicho tu ndicho alichokisema. Mashine ilikuwa imekiandika chote bila kosa hata moja.

"Nenda kanywe," nikasema, kwa Kipimbwe, nikikiangalia kioo. Hatukuwa tumekizima kinasa sauti, na mashine ikaandika na hayo.